Kuhe, dagaa na mwezi: shajara ya kulea paka yatima Ujiji

Mimi ni fundi cherehani Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mbele kuna vifua, viuno na urefu wa mikono. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi katikati, kuna uzito wa paka. Hapa nimenakili kurasa za nyuma, na pale ambapo namba peke yake haisemi kitu nimeongeza maelezo.

Alhamisi, 14 Machi 2024

Ramadhani 3. Baada ya alasiri nimekwenda nyuma ya banda kutafuta kipande cha bitana kwenye kiroba cha mabaki, nikasikia sauti nyembamba ndani. Nimetoa kitambaa kimoja kimoja mpaka nikawafikia: watoto wa paka watatu, wamelaliana juu ya satini ya kijani iliyobaki kwenye gauni la harusi la mwezi uliopita. Mama yao namfahamu. Ni yule paka wa madoa asiye na mwenyewe, aliyekuwa akilala juu ya ukuta wetu. Jana usiku aligongwa na gari kwenye barabara ya kwenda Mwanga. Asubuhi nilipita pale, nikasikitika, nikaenda zangu. Sikujua kwamba ana wana.

Macho ya wawili yamefumbuka nusu, ya wa tatu bado. Mtoto wa paka hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo nakadiria wana siku 10, yaani walizaliwa tarehe 4 hivi. Nimewapima kwenye mizani ya kidijitali ambayo dada anapimia unga wa keki: gramu 185, gramu 170, gramu 140.

Bibi alikuwa anamenya mihogo ya futari. Amewatazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Umeokota roho tatu, mjukuu wangu. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliingia motoni kwa paka mmoja tu. Alimfungia ndani, chakula hampi, wala hamwachii akajitafutie. Ukishawaingiza humu, ni wako."

Nimewaingiza.

Ijumaa, 15 Machi

Yule wa gramu 140 amekufa kabla ya daku. Naandika ilivyokuwa, kwa sababu kosa ni langu na sitaki mwingine alirudie.

Jana jioni alikuwa wa baridi mkononi, miguu, masikio, hata ndani ya mdomo. Nilidhani ni njaa. Nimepasha maziwa ya ng'ombe, nimemdondoshea, akameza kidogo, nikafurahi. Saa 7 usiku tumbo lilikuwa gumu. Saa 9 alikuwa anahema kwa mdomo. Bibi aliamka kuandaa daku akanikuta nimemshika, na hakukuwa na cha kufanya tena. Nimemzika chini ya mwembe ndani ya ile satini.

Kulipokucha nimempigia daktari wa mifugo aliyewahi kutibu mbuzi wa jirani. Kabla ya yote ameniuliza: alikuwa wa moto au wa baridi? Mtoto wa paka wa umri huu hawezi kujipasha joto mwenyewe. Mwili ukipoa, tumbo nalo linasimama. Maziwa yanabaki pale pale, yanachacha. Njaa ya usiku mmoja pengine angeistahimili. Maziwa juu ya baridi hakuyaweza.

Kwa hiyo utaratibu wa nyumba hii kuanzia leo ni joto kwanza, kisha maziwa, kisha haja. Haugeuzwi.

Joto: boksi la karatasi, ndani chupa ya plastiki ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Chupa inakaa upande mmoja tu wa boksi, ili mtoto akiona moto umezidi asogee upande wa pili. Kila maji yakipoa nabadilisha, mchana na usiku, maana masika haya usiku wa Ujiji una ubaridi wake.

Maziwa: ya ng'ombe nimeyaacha. Yana laktosi nyingi kuliko tumbo la paka linavyoweza, wanaharisha, na kuhara kwa kiumbe cha gramu 170 ni hatari ya kweli. Daktari ameniambia hapa hatutapata maziwa ya unga ya paka kwa haraka, nitumie ya mbuzi, yaliyochemshwa na kupoa, kikombe kimoja na kiini kimoja cha yai, bila sukari. Ya mbuzi nayo yana laktosi, ila wanayavumilia zaidi kidogo. Nimepata mama mmoja wa Mwandiga anayekamua.

Kunywesha: bomba la sindano lisilo na sindano. Mtoto analala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, kichwa kimeinuliwa kidogo. Asilazwe chali kama mtoto wa binadamu hata siku moja, maziwa yataingia mapafuni. Tone moja kwenye ncha, unasubiri alikamate mwenyewe kwa ulimi. Ukimsukumia umemzamisha. Leo jioni yule mkubwa ameshika ncha ya bomba kwa miguu yote miwili ya mbele, masikio yakawa yanacheza kila anapomeza, na mimi nikawa namezea mate pamoja naye.

Haja: hawezi kujisaidia mwenyewe mpaka afike wiki ya 3 hivi. Mama yake angemlamba. Mimi nachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, napapasa taratibu chini ya mkia mpaka mkojo utoke. Asipokojoa hajamaliza kula.

Jumatano, 20 Machi

Gramu 234 na gramu 212. Anayekua vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na kwa siku tatu hizi mfululizo wamefika hapo.

Wanakula kila saa 3, mililita 5 kila mmoja, na saa zimejipanga na Ramadhani kana kwamba ziliandikwa kwa ajili yake. Saa 1 usiku jua linapozama na sisi tunafuturu, nao wanakula. Saa 4 watu wanatoka tarawehe. Saa 7 niko kwenye cherehani hata hivyo, kanzu za Idi hazishoneki mchana peke yake. Saa 10 ni daku. Mwezi mwingine wowote nisingeweza. Mwaka huu nyumba nzima iko macho.

Viroboto wamewajaa. Nawatoa kwa kitana cha chawa na kuwazamisha kwenye bakuli la maji ya sabuni. Duka moja la dawa za mifugo limetaka kuniuzia poda ya mbwa. Nimepiga simu kwanza: ina permethrini, ambayo mbwa anaivumilia na paka inamuua. Nimeirudisha. Parasetamo nayo ni hivyo hivyo, hata kipande kidogo. Nimeandika kwa wino mwekundu, maana jirani amekwisha kunishauri nimpe robo kidonge.

Jumatatu, 25 Machi

Mwezi mpevu. Sokoni dagaa hakuna, na wachache waliopo bei haishikiki. Wenzetu walio mbali na ziwa huenda hawajui: dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito, taa inawavuta juu na wavu unajaa. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima linang'aa, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika karibu wiki nzima. Wanangu bado wanakunywa maziwa, hawana habari na mwezi. Ila nimeona nianze kuandika tarehe zake pembeni ya daftari.

Majina tayari. Dume, yule mkubwa, ni Kuhe, kwa ajili ya samaki wa ziwa letu mwenye mwili mnene na majivuno yake. Jike ni Lulu. Bibi ndiye aliyempa.

Jumatatu, 1 Aprili

Wiki 4. Gramu 390 na gramu 355. Meno ya mbele yametoka, wanang'ata bomba badala ya kunyonya, ndiyo dalili ya kuanza chakula. Nimechemsha samaki aina ya mgebuka bila chumvi, nimechambua miiba kwa vidole mara mbili, nimeponda na maziwa ya mbuzi mpaka ikawa uji. Lulu amelamba kwa adabu. Kuhe ameingia na miguu yote minne ndani ya sahani.

Choo: beseni la chini, mchanga wa ufukweni. Sikuwafundisha kitu. Nimewaweka juu ya mchanga baada ya kula, Lulu amechimba, akachutama, akafukia, kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Kuhe amemtazama na kuiga.

Wifi yangu anaishi na sisi na ana mimba ya miezi miwili. Shoga zake wamemwambia paka wanaharibu mimba, naye amekuja kwangu machozi yanamlenga, hataki kunikosea na hataki kuhatarisha mtoto wake. Nimemwambia, "Wifi, tusibishane na maneno ya watu, twende tukaulize." Tumekwenda pamoja kliniki. Muuguzi ametuambia kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma, kweli hutoka kwenye kinyesi cha paka, na kweli kina madhara kwa mimba. Lakini kinyesi kinahitaji siku nzima au zaidi kabla hakijaweza kuambukiza, kwa hiyo beseni likisafishwa kila siku njia hiyo inafungwa. Na watu wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, hata nyumba isiyo na paka. Makubaliano yetu: beseni ni langu, kila siku asubuhi, wifi haligusi. Paka hawapewi nyama mbichi. Mboga za nyumba nzima zinaoshwa kwa maji mengi. Jioni wifi amemchukua Lulu mwenyewe, akamweka mapajani.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Giza nene la mwezi kongo, dagaa tele. Gramu 480 na 440. Wamepewa dawa ya minyoo kwa mara ya pili. Sina nguvu ya kuandika zaidi, nimeshona kanzu mpaka alfajiri.

Jumatano, 24 Aprili

Mbalamwezi tena. Safari hii imewagusa, kwa sababu sasa wanakula dagaa mara tatu kwa siku. Nimetumia wakavu: nawaloweka, nawaosha mara tatu kutoa mchanga na chumvi, nachemsha, nawaponda. Wamekula bila maneno.

Gramu 690 na 630.

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi ametoka Kibirizi kuja kutuona. Anakausha dagaa na ana stoo, panya wanamsumbua, anataka Lulu. Nimemwambia nitampa wakifika wiki 12 au zaidi kidogo, kwanza wamalize kufundishana. Paka anayetengwa mapema na ndugu zake hajui kupima meno yake, anakung'ata kweli akidhani anacheza.

Tumefika kwenye suala la chakula. "Mwanangu, paka halishwi. Paka anajitafutia. Ukimshibisha hakamati panya."

Shangazi ni mkubwa kwangu, sikumjibu kwa ukali. Ila naandika hapa ninaloliamini, kwa sababu usemi huo nimeusikia tangu utoto na nimeuona ukiua. Paka hawindi kwa sababu ya njaa tu. Anawinda kwa sababu kitu kimekimbia mbele yake. Kuhe ametoka kula sasa hivi, tumbo kama ngoma, na yuko chini ya cherehani anaivizia kamba ya kiatu changu. Aliyeshiba ana nguvu za kungoja saa 2 mbele ya tundu la panya. Mwenye njaa ataliacha tundu aende jalalani. Nimesema kwa upole, "Shangazi, nitakupa Lulu kwa sharti la bakuli moja asubuhi na moja jioni." Amecheka, hakusema ndiyo wala hapana.

Jumatano, 15 Mei

Ziwa limefungwa. Kuanzia leo hakuna kuvua katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, mpaka 15 Agosti. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zimekubaliana samaki wapumzike na kuzaliana. Mimi naunga mkono, na wavuvi wa mtaani wanaonungunika nao nawaelewa, kila mmoja ana watoto wa kulisha.

Kuhe gramu 1,010, Lulu gramu 900. Wana wiki 10, na tangu waache maziwa hawajala kingine ila samaki. Nimenunua debe la dagaa wakavu kabla bei haijaruka, lakini debe moja haliwezi kufika Agosti na sisi pia tunakula. Lazima niwahamishe.

Ijumaa, 17 Mei

Nimenunua moyo wa ng'ombe Mwanga. Nimeuchagua kwa sababu paka anahitaji kitu kiitwacho taurini, mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho yanakufa na moyo unachoka. Samaki anacho, moyo unacho kwa wingi. Mahindi hayana. Ndiyo maana ugali na mchuzi haumlei paka hata kama anaumaliza.

Lulu amekula. Kuhe amenusa, akachota mchanga wa hewani kwa mguu akifukia bakuli, kama anavyofukia kinyesi. Nimeumia, nakiri.

Jumamosi, 18 Mei

Kuhe hajala tangu jana asubuhi. Gramu 970. Nimedhani njaa itamlazimisha, maana ndivyo tunavyosema kwa watoto. Daktari amenikemea: mtoto wa paka asipitishe siku nzima bila kula, na hata paka mkubwa akigoma siku mbili au tatu ini lake linaanza kujaa mafuta na linaweza kumuua huku chakula kiko mbele yake. Usishindane na paka kwa njaa. Nimempa dagaa jioni hii, amekula anatetemeka.

Jumapili, 19 Mei hadi Jumanne, 28 Mei

Siku kumi zote naziandika pamoja.

Njia imetoka kwa Bibi. Ameniona nakatakata moyo na dagaa pamoja, na Kuhe anachambua dagaa mmoja mmoja akiacha nyama safi kama amehesabu. Bibi akachukua kinu. Ametwanga dagaa wakavu mpaka wakawa unga laini, akanyunyiza kijiko kimoja juu ya nyama iliyochemshwa, akachanganya kwa vidole vyake mpaka kila kipande kikavaa unga. "Babu yako alikuwa hali mchicha," akasema, "miaka yote alidhani anakula dagaa."

Siku ya kwanza dagaa robo tatu, moyo robo. Siku ya tatu amekula bila kutafuta. Siku ya tano nusu kwa nusu, akaacha kidogo, nikarudi nyuma siku moja. Siku ya nane moyo na vichwa vya kuku robo tatu, kijiko cha unga juu. Siku ya kumi unga ni kama chumvi tu, kidole kimoja. Bakuli limelambwa mpaka linasogea sakafuni.

Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 23. Mara ya kwanza haukuwa na maana yoyote sokoni.

Mchanganyiko wetu wa sasa: moyo au bandama ya ng'ombe, vichwa vya kuku vilivyochemshwa na kuondolewa mifupa yote, yai lililoiva mara mbili kwa wiki, ini kidogo sana mara moja kwa wiki kwa sababu likizidi lina madhara. Hakuna kitunguu wala kitunguu saumu, vyote sumu kwake, kwa hiyo sufuria yake ni yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti, haiingii bakulini kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Wiki 13. Kuhe 1,290, Lulu 1,130. Chanjo ya kichaa cha mbwa, wote wawili, na kadi zao. Ugonjwa unaitwa wa mbwa lakini paka anaupata na anauleta ndani. Daktari amerudia yale ya kung'atwa na mnyama usiyemjua: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri uone dalili.

Jumapili, 9 Juni

Nimempeleka Lulu Kibirizi ndani ya kikapu kilichofunikwa khanga.

Sijawahi kuiona Kibirizi hivi. Siku za kawaida huwezi kupita, wanawake, ndoo, makelele, harufu ya dagaa mpaka kwenye nywele. Leo chanja tupu, nyavu zimekunjwa chini ya maturubai, maboti yamevutwa nchi kavu, watoto wanacheza ndani yake. Na paka. Sikuwahi kuwaona paka wa Kibirizi kwa sababu walikuwa wameshiba, na paka aliyeshiba analala kivulini. Leo wamesimama. Kati ya barabara na stoo ya Shangazi nimehesabu 11, mbavu zinahesabika, wote wamekaa kwenye chanja zile zile ambapo kina mama walikuwa wakidondosha dagaa, wanatazama ziwani. Mmoja alikuwa ananyonyesha, ngozi ya tumbo inaburuzika.

Hawa ndio wanaojitafutia. Miaka yote walikuwa wanalishwa na mikono ya wale wanawake bila mtu kuita hivyo, na mikono ilipoondoka tukaona.

Sikumwambia Shangazi kitu. Nimemkabidhi Lulu, kopo la unga wa dagaa, na kadi ya chanjo. Yeye ndiye aliyesema, akitazama nje, "Huyo mwenye watoto amekuja mlangoni jana. Nimempa ukoko." Nikasema, "Shangazi, mpe na vichwa vya kuku." Akasema nimwachie hela ya vichwa. Nimemwachia.

Usiku Kuhe amezunguka nyumba akiita. Alilala kwenye kiroba cha vitambaa, si kitandani kwangu.

Jumatatu, 17 Juni

Idi ya kuchinja. Nyama ipo, Kuhe amepata ya kuchemshwa. Gramu 1,440. Ameanza tena kucheza, wiki nzima alikuwa mpole mno.

Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya. Fundi cherehani akifuga paka asome hapa.

Nilijua sindano ni hatari, nazifungia kwenye kopo. Uzi sikuuogopa. Mchana nimemkuta Kuhe chini ya meza anatoa mate, anajifuta mdomo kwa mguu. Nimeona kipande cha uzi mweusi, kama sentimita 5, kinaning'inia pembeni ya mdomo. Mkono ulishakwenda kuuvuta. Bahati nimekumbuka sauti ya daktari, nikaurudisha mkono. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea kooni, uzi ukishanasa hapo hawezi kuutema, anaweza kuumeza tu. Ukishaingia utumboni huku ncha moja imekwama juu, utumbo unajikunja juu yake kama kitambaa kinavyojikunja kwenye uzi wa marinda, na ukiuvuta unakata. Mfano wa marinda ni wangu, daktari hakuusema hivyo, lakini niliuelewa kwa mikono.

Nimemfunga kwenye taulo, bajaji mpaka kwa daktari. Amemfungua mdomo, akainua ulimi, uzi ulikuwa umezunguka chini yake mara moja, na mwisho wake haujapita koo. Ameukata na kuutoa kwa kibano. Siku tatu nimechunguza kinyesi chake na hamu ya kula. Yuko salama.

Kuanzia leo vipande vya uzi haviendi sakafuni. Kila cherehani ina kopo lenye kifuniko, na mwanafunzi wangu anajua kwamba kabla ya kufunga banda tunafagia, tunapitisha sumaku, halafu Kuhe ndiyo anaingia.

Gramu 1,790.

Alhamisi, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Mtaa una furaha ya sikukuu. Lakini mwezi una siku kumi na unaelekea kupevuka tarehe 19, kwa hiyo walioingia ziwani leo watapata masaa machache ya giza kabla ya alfajiri. Bibi amesema, "Wamefungua mlango, taa ya Mungu bado inawaka." Dagaa wa kweli ni wiki ijayo au ile nyingine.

Kuhe gramu 2,230. Ameanza kukojolea ukuta wa banda, dalili ya udume. Nimezungumza na daktari kuhusu kumhasi. Dume asiyehasiwa atatanga usiku, atapigana, na barabara ya Mwanga ni ile ile.

Alhamisi, 29 Agosti

Giza limerudi. Shangazi ametuma ndoo ndogo ya dagaa wabichi kwa kijana wa bodaboda, na ujumbe wa sauti. Lulu ameua panya saba kwenye stoo, na ameelewana na wale watoto watatu wa paka wa mlangoni. "Wanakula kabla yangu," anasema, "mama yao ananifuata mpaka bombani."

Nimechemsha dagaa, nimempa Kuhe bakuli la dagaa watupu kwa mara ya kwanza tangu Mei. Amenusa. Amekula nusu, kwa utulivu, akasimama, akaenda jikoni akakaa mbele ya kinu.

Gramu 2,380. Kuhasiwa ni Jumatatu, 9 Septemba, saa 3 asubuhi. Jumapili usiku saa 4 natoa bakuli, maji namwachia mpaka alfajiri. Nimepunguza kazi za wiki ile, gauni la bi harusi wa Gungu nimelihamishia tarehe 14.